Tumwachie Ningu Njia ya Kupanda

Katika mkoa wetu wa Mara, ukitaja samaki, wengi hufikiria sangara, sato na dagaa. Hao ndio wanaojaza mialo na masoko ya Musoma na Bunda. Lakini wazee wanamkumbuka samaki mwingine, ambaye zamani alingojewa kila mvua zilipoanza. Huyo ni ningu. Vijana wengi wa leo hawajapata kumwona, na wengine hata jina lake hawalijui.

Katika makala hii tunaeleza ningu ni samaki wa namna gani, kwa nini amepungua, na jinsi ujuzi wa wazee wetu na utafiti wa wataalamu unavyoweza kusaidiana kumrudisha. Tunaandika tukijua kwamba jambo hili linagusa mfuko wa mvuvi na chungu cha mama. Kwa sababu hiyo haliwezi kumalizwa kwa amri peke yake.

Ningu ni samaki gani?

Wataalamu humwita Labeo victorianus. Ni samaki wa bonde la Ziwa Victoria, na hapatikani kwingine duniani. Mdomo wake umeelekea chini na una midomo minene, kwa kuwa chakula chake ni mwani na uchafu laini anaoukwangua kwenye mawe na matope. Hali samaki wenzake. Akikua vizuri hufikia urefu wa sentimita 40 hivi.

Sifa yake kubwa ni safari. Ningu hukaa ziwani, lakini hatagi mayai humo. Mvua za masika zinapoanza na mito kujaa, hukusanyika kwenye milango ya mito, kisha hupanda kwa makundi makubwa dhidi ya mkondo. Mvua za vuli nazo huweza kumwita. Huko juu hutafuta mahali ambapo mto umefurika na kuingia katika nyasi, akataga katika maji hayo yasiyo na kina. Mayai huanguliwa mapema, vifaranga hukulia katika nyasi zilizofurika ambako kuna chakula na maficho, na maji yanapopungua hushuka nayo hadi ziwani. Wakubwa nao hurudi.

Kwa hiyo ningu anahitaji mambo matatu: mlango wa mto ulio wazi wakati wa kupanda, mto wenye maji safi yanayojaa na kupungua kwa majira yake, na mbuga zinazofurika za kulelea watoto. Likikosekana moja tu, mengine mawili hayamfai kitu.

Alipungua kabla ya sangara

Mara nyingi tunasikia kwamba samaki wa asili wa ziwa hili waliliwa na sangara. Ni kweli kwamba sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, aliwamaliza furu wa aina nyingi sana. Lakini habari ya ningu ni tofauti kidogo, na ni muhimu tuielewe.

Nyavu za makila zililetwa katika ziwa hili mwaka 1905, upande wa Kenya. Baadaye, katika miaka ya 1950, zikaja nyavu za nailoni ambazo ni imara na hazionekani kwa urahisi majini. Watu waligundua haraka kwamba samaki anayepanda mto hupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nyavu zikatandazwa katika milango ya mito wakati wa mvua, zikawakamata majike yenye mayai kabla hayajataga.

Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki aitwaye Cadwalladr alichapisha makala kuhusu mto Nzoia wa Kenya. Alieleza kupungua kwa ningu katika Ziwa Victoria, na pamoja na hilo, kudhoofika kwa njia za asili za uvuvi katika mto huo. Tuyatazame mambo hayo mawili kwa pamoja. Samaki walipozuiwa mlangoni, watu wa juu ya mto walikosa samaki. Walipokosa samaki, mitego yao ikaachwa. Mitego ilipoachwa, ujuzi uliokuwa ukienda nayo nao ukaanza kupotea. Haya yote yalitokea sangara akiwa bado hajaenea.

Leo ningu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hatuwezi kumtupia sangara lawama yote. Sehemu ya lawama ni ya mikono ya watu, na kwa hiyo sehemu ya dawa nayo iko katika mikono ya watu.

Mto Mara na majira yake

Mto Mara una urefu wa kilometa 395 hivi. Unaanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unatanuka na kuwa eneo kubwa la mafunjo kabla ya kupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani karibu na Musoma. Upande wa kusini wa mkoa wetu, mto Grumeti na mto Mbalageti inatoka Serengeti na kumwaga maji katika Ghuba ya Speke, upande wa Bunda.

Yale mafunjo ya Mara si ardhi ya bure inayongoja kulimwa. Huchuja matope, huhifadhi maji, na hutunza samaki. Watafiti wa TAFIRI walipochunguza vijiziwa vya pembeni, vikiwamo Kirumi na Kubigena katika maeneo oevu ya Mara, walikuta samaki wa asili, kama ngege, waliokuwa wameadimika katika ziwa kubwa. Mahali ambapo mtu anaona matope tu, samaki wameona kimbilio.

Mto wenyewe una tabia zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kila mwaka nyumbu wapatao 6,250 hufa maji katika Mto Mara wanapovuka, na mizoga yao hulisha samaki na wadudu wa mtoni kwa muda mrefu. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulihusu viboko. Katika sehemu ya juu ya mto kuna viboko zaidi ya 4,000, na kinyesi chao hujikusanya katika madimbwi wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza kubwa ikiyasukuma madimbwi hayo, maji yaliyokosa oksijeni hushuka kwa ghafla na samaki huweza kufa. Kati ya mafuriko 49 waliyoyapima katika miaka 3, watafiti waliona hali hiyo ya upungufu mkubwa wa oksijeni mara 13.

Machi 2022 wakazi wa karibu na Kirumi waliona maji ya mto yamegeuka rangi, yananuka, na samaki wanaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na maswali yakawa mengi. Sisi tunajifunza jambo moja kutokana na tukio hilo: maji yasipopimwa mara kwa mara, siku ya tatizo hakuna kumbukumbu ya kulinganisha, na kila mtu hubaki na maoni yake.

Ujuzi wa wazee

Watu walioishi kando ya mito ya ziwa hili walikuwa na elimu yao. Walijua mvua ipi inampandisha ningu na maji ya rangi gani anayafuata. Walivua kwa uzio wa miti na matete pamoja na migono. Uzio wa aina hiyo huzuia sehemu ya samaki tu. Mto ukifurika sana, maji hupita juu yake au huubomoa, na samaki wengi hupita. Wavu wa nailoni uliotandwa toka ng'ambo hadi ng'ambo hauna huruma hiyo.

Pia walijua kwamba mahali fulani huachwa. Hapa Mwitongo, Butiama, alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere, uko msitu wa Muhunda. Kwa Wazanaki ni msitu mtakatifu, na miiko ya mababu imeulinda kwa vizazi vingi. Si lazima kila msomaji aiamini miiko hiyo ili aone matunda yake: vilima vingi vimebaki vipara, lakini Muhunda bado una miti. Jamii ilikubaliana kwamba mahali hapa haguswi ovyo, na kila mtu alijua mpaka uko wapi.

Kanuni ya namna hiyo ndiyo anayoihitaji ningu, ila yeye anaihitaji kwa majira. Mlango wa mto uachwe kwa wiki chache za kupanda, kisha uvuvi uendelee.

Mfano kutoka mbali

Katika pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada yuko samaki aitwaye samoni, ambaye hutoka baharini kupanda mto kutaga, kama ningu atokavyo ziwani. Kundi moja la nyangumi waitwao orka humtegemea samoni kwa chakula. Kundi hilo limebaki na nyangumi wasiofikia 80. Samoni wakipungua, orka wanakonda na kuzaa kwa shida.

Wenyeji wa asili wa huko walidai kwa miaka mingi kwamba mito ifunguliwe. Mwaka 1974 mahakama ilithibitisha haki yao ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, nao wakawa washiriki katika usimamizi pamoja na wataalamu. Mabwawa mawili ya mto Elwha yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Mabwawa manne ya mto Klamath yalikamilika kubomolewa mwaka 2024, na Oktoba mwaka huohuo samoni walionekana juu ya mahali mabwawa yalipokuwa. Njia ilipofunguliwa, samaki walipanda wenyewe.

Sisi mlango tunaotaka ufunguliwe umezibwa kwa nyavu tu. Nyavu huondolewa kwa siku moja, watu wakikubaliana.

Nani atabeba gharama?

Hapa ndipo penye ugumu. Mvuvi anayetega mlangoni mwa mto wakati wa mvua ana watoto wa kusomesha kama wengine. Ukimwambia aache, naye atauliza: "Nikiacha mimi, jirani yangu ataacha?" Swali lake ni la haki. Mmoja akiacha na mwenzake akaendelea, aliyeacha amepata hasara na samaki hawajapona.

Ndiyo maana makubaliano lazima yawe ya wote, na yawe ya muda unaojulikana. Tanzania ina mfano wa karibu. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Tunachokipendekeza hapa ni kidogo zaidi. Mlango wa mto ni eneo dogo, na mvuvi anaweza kuendelea kuvua kwingine ziwani wakati huo.

Tufanye nini?

1. Vikundi vya BMU vilivyo karibu na milango ya mito vikae na wazee na maafisa uvuvi, vikubaliane wiki za kupumzisha mlango kila masika, na kuziandika katika sheria ndogo.

2. Tarehe zitangazwe mapema katika mikutano ya vijiji, makanisani, misikitini na mialoni, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

3. Kokoro, timba na sumu ni marufuku kisheria wakati wote. Tusiwafiche wanaovitumia kwa kuwa ni ndugu zetu.

4. Tuheshimu mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza, na tusiyachome mafunjo ili kulima.

5. Shule zilizo karibu na mto ziandike kumbukumbu: mvua ya kwanza imenyesha lini, maji yamegeuka rangi lini, ningu wa kwanza ameonekana lini. Daftari la namna hiyo likitunzwa miaka 10 ni hazina kwa mtafiti.

6. Ufugaji nao utazamwe. Mwaka 2004 mtafiti Justus Rutaisire wa Uganda na mwenzake walichapisha njia ya kumzalisha ningu kwa mkono wa binadamu. Vifaranga vya mabwawani vinaweza kupunguza shida, lakini havichukui nafasi ya mto.

Ndugu msomaji, kabla mvua za masika hazijafika, mtafute mzee aliyevua mtoni na umwulize ningu alipanda wapi na lini. Andika majibu yake pamoja na jina la mahali, kisha uyapeleke kwenye kikao cha BMU ya kwenu. Wataalamu wana vipimo, lakini hawakuwapo miaka ile. Waliokuwapo wanazidi kupungua kila mwaka, kama ningu mwenyewe.