Motokaa Kuukuu Yenye Njaa ya Petroli

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa motokaa kuukuu, zile zenye kabureta, ambazo hata sasa zafanya kazi mashambani na katika njia za vumbi. Mara nyingi gari la namna hiyo ndilo pekee la kumpeleka mgonjwa hospitali, kwa hiyo si neno dogo likikataa mlima.

Injini haili petroli tupu. Hula petroli iliyochanganywa na hewa, na kipimo chake chajulikana: ratili 1 ya petroli yataka karibu ratili 15 za hewa ipate kuungua sawasawa, na katika kupanda mlima na mzigo, hewa yapasa ipungue hadi ratili 13 hivi. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi. Wako wanaodhani hiyo ni faida, ati petroli haiishi upesi. Sivyo hata kidogo. Mchanganyiko mwepesi mno huungua polepole, hata vali ya kutolea moshi ikifunguka moto ungali unawaka, nao huilamba vali ile mpaka ukingo wake ukaungua. Chini ya mzigo mzito hata kichwa cha pistoni chaweza kutoboka. Petroli iliyookolewa haitanunua pistoni.

Dalili zake ni hizi. Dereva akikanyaga mafuta kwa ghafula, injini hupiga chafya katika kabureta na kusitasita. Katika tambarare mwendo hupanda na kushuka kama mawimbi, ingawa mguu umetulia. Injini hupata moto kupita kiasi. Tena, hata ikiisha kupata moto, haikubali choki irudishwe. Dalili hii ya mwisho ndiyo tunayoiamini kuliko zote, kwa kuwa ni kipimo kisicho na gharama: dereva na aende mwendo ule ule uletao matata, kisha avute choki kidogo tu. Injini ikitulia na kupata nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuharibika, na atafute ugonjwa mwingine. Huenda ni moto wa plagi unaochelewa, maana huo nao huchemsha rejeta.

Mafundi wa zamani walitazama rangi ya plagi: kahawia ni afya, nyeupe kama chokaa ni njaa. Lakini tangu risasi ilipoondolewa katika petroli, jambo lililotimia katika Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, plagi nzima nazo huwa nyeupe-nyeupe. Basi rangi peke yake haitoshi kuhukumu.

Sasa yafaa kuuliza: je, hewa inaingia isikopaswa, au petroli haifiki? Ikiwa injini hutetemeka inaponguruma polepole lakini hutengenea mwendo ukiongezeka, shuku hewa. Ikiwa hunguruma vizuri gari likisimama, kisha huishiwa nguvu mlimani, shuku petroli.

Hewa hupenya katika gasketi iliyo chini ya kabureta, katika mpira uendao kwenye breki, na katika mhimili wa kabureta uliolika kwa miaka mingi. Nyunyiza maji kidogo kidogo mahali hapo, mbali na nyaya za plagi, huku injini ikinguruma. Sauti ikibadilika, tundu limeonekana. Wako wanaonyunyiza petroli badala ya maji. Hao twawakataza kabisa, maana injini ni moto na cheche iko karibu.

Upande wa petroli, anza na kifuniko cha tangi. Kitundu chake kikizibwa na vumbi, gari huenda kitambo kisha hufa. Fungua kifuniko, na ukisikia hewa ikivutwa ndani, ndicho kisa. Kisha tazama kichujio, na pampu, na mwisho jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu jembamba ndani ya kabureta. Kipulizwe tu, kisichokolewe kwa waya, kwani shaba ni laini na tundu litapanuka.

Na pengine hakuna kilichoharibika. Nairobi iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo fundi huweza kutia jeti ndogo ili gari lisitoe moshi mweusi. Gari hilo likishuka Mombasa hukuta hewa nzito, na jeti ile haitoshi tena. Namba huwa imechongwa juu yake. Irudishwe ile aliyoiweka mwenye kiwanda.

Ikiwa ugonjwa umeshika njiani na gereji iko mbali, punguza mzigo, vuta choki kidogo, na uende taratibu bila kuilazimisha injini mlimani.