Je, Wajua? Machale na Hesabu Kwenye Soko la Hisa

Sogea kidogo hapo kwenye benchi nami nikae, leo nina mambo. Tunapambanisha watu wawili: yule anayenunua hisa kwa sababu machale yamemcheza, na yule aliyeiachia kanuni ya hesabu imwamulie. Usichague upande bado.

Je, wajua kwamba paka aliwahi kuwashinda wataalamu wa hisa? Mwaka 2012 gazeti la Observer la Uingereza lilipambanisha wataalamu wa fedha, wanafunzi na paka mmoja aitwaye Orlando, kila upande ukianza na pauni 5,000. Orlando alichagua kampuni kwa kurusha kipanya chake cha kuchezea juu ya ubao wenye namba. Mwisho wa mwaka paka alikuwa na pauni 5,542, wataalamu 5,176, na wanafunzi wakashika mkia kwa 4,840. (Mkia mwingine alikuwa nao mshindi.)

Lakini usiwacheke wataalamu kupita kiasi. Gazeti la Wall Street Journal la Marekani nalo liliwapambanisha na vishale vilivyorushwa ubaoni bila kuwaza. Katika mashindano 100 ya kwanza wataalamu walishinda 61. Maana yake vishale, visivyosoma wala kuandika, vilishinda 39!

Je, wajua kwamba Isaac Newton, yule wa nguvu ya mvutano, aliliwa kwenye hisa? Mwaka 1720 aliuza hisa zake za kampuni ya South Sea mapema, akapata faida nzuri. Kisha akawaona wenzake wanazidi kutajirika, roho ikakosa kutulia, akarudi kununua bei ikiwa juu kabisa. Inasemekana alipoteza kama pauni 20,000, mali ya kutisha kwa enzi hizo. Kichwa kile kilijua sayari zinakokwenda!

Na je, wajua ni nani alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuziwekea bei za soko hesabu ya bahati? Ni Mfaransa Louis Bachelier, katika tasnifu yake ya mwaka 1900 jijini Paris. Hesabu kama hiyo, safari hii ya chembe zinazotangatanga ndani ya maji, Einstein aliitoa mwaka 1905. Soko la hisa lilikuwa limemtangulia kwa miaka 5.

Sikiliza hii. Mwaka 1961 mwanahesabu Edward Thorp na mwenzake Claude Shannon walitengeneza kompyuta ndogo ya kuvaa mwilini ili kulishinda gurudumu la kamari. Swichi zake zilikuwa ndani ya kiatu, na aliyeivaa alizibonyeza kwa vidole vya mguu! Baadaye Thorp akahamia kwenye soko la hisa na kanuni zake, akapata faida mwaka baada ya mwaka.

Je, wajua kuna roboti iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchapa? Mwaka 1987 Thomas Peterffy, mhamiaji kutoka Hungaria, aliunganisha kompyuta yake na soko la Nasdaq ili ifanye biashara yenyewe. Wenye soko wakakataa: oda lazima ziingizwe kwa kibodi. Sawa, akasema moyoni. Ndani ya siku chache mafundi wake wakaunda mashine yenye vidole vya mpira inayobofya vitufe yenyewe, na kamera ya kusoma kioo cha kompyuta. Kibodi mliitaka, kibodi hiyo hapo!

Sasa kaa vizuri, maana hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Richard Dennis wa Chicago alianza na dola 1,600 za kukopa kwa ndugu zake, akafikia mamilioni. Yeye alidai kazi ya soko hufundishika kama useremala. Rafiki yake William Eckhardt akabisha: hapana, ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Wakawekeana dau. Mwishoni mwa 1983 wakatangaza nafasi magazetini, watu zaidi ya 1,000 wakaomba, na kati ya waliochaguliwa walikuwamo mcheza karata na mbuni wa michezo ya mezani.

Mafunzo yalichukua wiki 2. Kanuni yenyewe ungeweza kuiandika kiganjani: bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, nunua; ikishuka chini ya bei ya chini kabisa ya siku 10 zilizopita, toka. Hakuna kusoma magazeti, hakuna kumuuliza mjomba. Hawakununua hisa bali mikataba ya kahawa, sukari, dhahabu na kadhalika, lakini ubishi ni uleule. Dennis aliwaita Kasa, kwa sababu huko Singapore aliwahi kuona shamba la kufugia kasa. Unajua Kasa wale walivuna kiasi gani kwa miaka michache? Zaidi ya dola milioni 100!

Ila subiri. Darasa lilikuwa moja na kanuni ileile, na bado wapo walioshindwa kuifuata. Kanuni ikisema nunua, mkono unaganda. Hata mwalimu Dennis mwenyewe alipata hasara kubwa miaka ya 1987 na 1988, akafunga mifuko aliyokuwa akiwaendeshea watu.

Je, wajua mikono isiyotulia hugharimu kiasi gani? Watafiti wawili wa Marekani, Barber na Odean, walichunguza akaunti za familia 66,465 kuanzia 1991 hadi 1996. Soko lilipanda kwa asilimia 17.9 kwa mwaka, lakini waliokuwa wakinunua na kuuza kila kukicha waliambulia 11.4. Katika uchunguzi mwingine wakakuta wanaume wanauzauza na kununuanunua kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na ndio waliojipunja zaidi. Kina mama, pigeni vigelegele.

Je, wajua kwamba mpira hushusha hisa? Nchi ikitolewa kwenye hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia, siku inayofuata soko lake la hisa hufanya vibaya kuliko kawaida kwa karibu nusu asilimia. Hiyo ni kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2007. Hebu waza soko la Dar es Salaam lingekuwaje kama lingezisikiliza Simba na Yanga!

Na jua, je? Watafiti wengine walipima masoko 26 duniani, wakakuta asubuhi yenye jua huendana na bei kupanda. Kampuni ni zilezile. Kilichobadilika ni mawingu.

Mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani walikimbilia kununua hisa za Zoom, ile ya mikutano ya video. Wengi wakanunua kampuni nyingine kabisa yenye jina linalofanana, bei yake ikapaa, hadi mamlaka ya Marekani ikasimamisha biashara ya hisa hiyo. Kanuni ya hesabu isingebabaishwa na jina.

Umeanza kuegemea upande wa mashine, sivyo? Ngoja kwanza.

Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la New York liliporomoka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Sehemu ya lawama iliangukia programu zilizoagizwa kuuza bei ikishuka: hii ikauza, bei ikashuka, ile nayo ikauza.

Je, wajua kuna mfuko uliokuwa na washindi 2 wa tuzo ya Nobel na bado ukazama? Uliitwa Long-Term Capital Management. Walipata tuzo mwaka 1997. Mwaka uliofuata Urusi ikashindwa kulipa madeni yake, jambo ambalo hesabu zao hazikulitegemea, na mfuko ukapoteza dola bilioni 4.6 kwa miezi michache. Taasisi 14 za fedha zikachanga bilioni 3.6 kuzuia moto usisambae.

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ilitakiwa kuweka programu mpya kwenye seva 8. Moja ikasahauliwa. Soko lilipofunguliwa, seva ile ikaanza kununua na kuuza kama imepagawa, na baada ya dakika 45 zilikuwa zimepotea dola milioni 440. Piga hesabu mwenyewe: karibu dola milioni 10 kila dakika!

Tarehe 6 Mei 2010 ilikuwa kama ndoto. Fahirisi ya Dow Jones ilishuka karibu pointi 1,000, ikarudi juu ndani ya dakika chache. Katikati ya vurugu hizo, hisa ya Accenture, kampuni kubwa kabisa, iliuzwa kwa senti 1. Ungekuwa na sarafu mfukoni ungejinunulia.

Na kasi je? Mwaka 2010 kampuni moja ilitumia kama dola milioni 300 kutandaza kebo ya zaidi ya kilomita 1,300, kutoka Chicago hadi New Jersey, ili kuokoa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Sasa cheka: soko la IEX la huko huko Marekani likaviringisha kebo ya kilomita 61 ndani ya sanduku ili kuwachelewesha kwa makusudi wenye haraka hizo.

Kwetu je? Nairobi, hadi mwaka 2006 madalali walikuwa bado wakipaza sauti ukumbini, ndipo kompyuta zikaja. Miaka 2 baadaye hisa za Safaricom zilitolewa kwa shilingi 5, zaidi ya watu laki 8 wakaziomba. Haukupita mwaka, zilikuwa chini ya shilingi 3.

Nakuachia na Jim Simons, mfalme wa watu wa kanuni za hesabu. Alikuwa profesa wa hesabu aliyewahi kuvunja siri za mawasiliano kwa ajili ya serikali ya Marekani. Mfuko wake wa Medallion uliajiri wanahesabu, wanafizikia na mabingwa wa kompyuta, si wazoefu wa Wall Street, na kuanzia 1988 hadi 2018 ukapata wastani wa asilimia 66 kwa mwaka kabla ya makato. Kumbuka, oda zao zilikosea karibu nusu ya mara zote!

Basi mwishoni mwa Desemba 2018 bei zilikuwa zinaporomoka. Simons akampigia simu msimamizi wa fedha za familia yake, akamuuliza kama si vyema waweke dau kwamba zitazidi kushuka. Akaambiwa asubiri kwanza mambo yatulie. Tarehe 26 Desemba Dow Jones ikapanda pointi zaidi ya 1,000 kwa siku moja, mara ya kwanza katika historia yake.