Wingu la Ziwani: Neema kwa Mkulima, Hatari kwa Mvuvi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa kando ya Ziwa Viktoria, usemi huo humtosha mchana kutwa. Jua lipandapo, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani, hupanda vilimani, na alasiri mawingu meupe hugeuka kuwa meusi. Hapo mwenye migomba hufurahi, akina mama hukinga maji ya paa kwa mapipa, naye aliyeanika kahawa hukimbia kuianua.

Jua likizama mambo hubadilika. Nchi kavu hupoa haraka, bali ziwa, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hubaki na joto lake. Upepo hutoka kingo zote, za Uganda, Kenya na Tanzania, ukakutana juu ya maji. Ukiisha kukutana hauna pa kwenda ila juu, nao hujenga mawingu ya radi ambayo vilele vyake vyaweza kufikia kilomita 15. Ndiyo sababu dhoruba za ziwani huzidi kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Saa hizo ndizo saa za kazi za mvuvi wa dagaa, ambao nchini Uganda huitwa mukene. Dagaa huvutwa kwa mwanga wa karabai au taa za betri, na mwanga huo hufaa zaidi usiku usio na mbalamwezi. Basi mvuvi huchagua giza lile lile linalomficha wingu. Huona tu nyota zikitoweka upande mmoja na umeme ukimulika mbali. Kisha huhisi upepo wa baridi wa ghafla. Upepo huo hutangulia mvua, nao ndio uinuao mawimbi yapinduayo mitumbwi.

Wazee wa Buganda walimheshimu Mukasa, mlinzi wa ziwa, aliyekuwa na hekalu katika kisiwa cha Bubembe, Ssese. Na radi waliihusisha na Kiwanuka. Hatari hii, basi, si ngeni. Lililo geni ni uwezo wa kuitambua mapema. Satelaiti huliona wingu hata gizani, na kuanzia mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilishirikiana na nchi za ziwa hili katika mpango wa kuboresha utabiri na maonyo kwa wavuvi.

Hata hivyo, onyo lisilofika mwaloni halimwokoi mtu. Yapasa taarifa zitangazwe kwa lugha za wavuvi kabla mitumbwi haijatoka, na kila chombo kiwe na maboya ya kuwatosha waliomo. Naye mvuvi asione haya kulala nyumbani usiku wa dhoruba. Mchana na tuyatazame mawingu. Usiku na tuisikilize redio.