Kukata Pumzi Usingizini: Je, Kifaa cha Mdomoni Chasaidia?

Mtu akikoroma sisi hucheka. Lakini mkewe hacheki. Yeye husikia mkoromo ukikatika ghafla, kimya, halafu mzee ashtuke akitweta kama aliyetoka majini. Asubuhi mzee huamka amechoka, na mchana asinzia mkutanoni. Huo si uvivu. Ni ugonjwa.

Hutokeaje?
Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa huziba kwa sekunde 10 au zaidi. Ikiziba mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. Mara 15 hadi 29, ni wa kadiri. 30 na zaidi, ni mkali. Ugonjwa huu huandamana na presha na shida za moyo. Naye dereva aweza kusinzia akiwa kwenye usukani.

Kifaa hufanya nini?
Huvaliwa usiku kwenye meno ya juu na ya chini, kama kinga ya bondia. Huvuta taya la chini mbele kidogo, ulimi ukafuata, na koo likabaki wazi.

Kina nguvu gani?
Mashine ya kupuliza hewa puani, iliyobuniwa Australia, huzuia kukata pumzi vizuri zaidi. Lakini yataka stima usiku kucha, na wengi huivua kabla ya kukucha. Kifaa cha mdomoni huvumilika zaidi. Hufaa hasa ugonjwa mdogo na wa kadiri, au mtu aliyeshindwa na mashine. Hata hivyo, si kila mtu hupona nacho.

Mambo ya kukumbuka
1. Anza kwa daktari, upimwe usingizini.
2. Kitengenezwe na daktari wa meno kwa kipimo cha mdomo wako. Cha kununua tayari dukani hakifanyi kazi sawa.
3. Lazima uwe na meno ya kutosha yenye afya. Taya laweza kuuma, mate kuzidi, na baada ya miaka meno kusogea.
4. Pimwa tena ukiwa umekivaa. Mkoromo waweza kunyamaza na pumzi bado inakatika!

Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe pia husaidia, tena bila gharama.

Akina mama, ninyi ndio mashahidi wa usiku. Mwambieni mzee mliyoyasikia, kisha mwende naye hospitali.