Umemfuata Mwenza Dodoma: Kazi ya Taaluma Utaipata Wapi?

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973. Ulikaa kwenye makabrasha zaidi ya miaka arobaini, hadi Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa Serikali inahama kweli, na ikahama. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hiyo. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179 jijini.

Ndani ya ongezeko hilo limo kundi ambalo hakuna aliyeliandikia barua ya uhamisho. Ni wake, na waume pia, waliokuwa na kazi zao nzuri Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, wakaziacha ili familia isiishi nyumba mbili. Wamo wahasibu, wafamasia, wabunifu majengo, wanasheria wa benki. Mwenza anafika akiwa na kituo cha kazi, meza na posho ya kujikimu. Huyu mwingine anafika na vyeti kwenye bahasha.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu muda wa kutosha kuamini kwamba wengi wa watu hawa wana sifa zote zinazotakiwa. Kinachowachelewesha ni kutafuta Dodoma kazi zilezile za Dar es Salaam, kwa waajiri wa aina ileile. Kila mji una watu wake wanaolipa mishahara, na wanaolipa Dodoma hawafanani na wa Kariakoo, Posta wala Masaki. Ukiwaelewa hao kabla hujafunga mizigo, umeokoa miezi mingi ya kukaa nyumbani ukisubiri simu.

Kabla ya hayo, tazama namna unavyoondoka kazini. Wengi huandika barua ya kuacha kazi mapema mno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa isiyopungua siku 28, na watu wakishatimiza hilo hudhani wamemaliza. Kuna jambo zito zaidi. Fao la upotevu wa ajira, ambalo mifuko ya hifadhi ya jamii humlipa aliyepoteza kazi, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Ukiandika barua ya kujiuzulu kwa sababu mume wako amehamishwa, kwa macho ya mfuko umeacha kwa hiari. Usipange bajeti ya familia ukitegemea fedha hizo.

Kwa hiyo swali la kwanza lielekezwe kwa mwajiri uliye naye: je, kuna nafasi Dodoma? Benki kubwa, kampuni za bima na za simu zina matawi huko, na meneja anayejua kazi yako ana sababu ya kukubakiza ndani ya kampuni. Omba mapema, kwa maandishi, ukitaja tarehe ambayo familia itahama. Kama wewe mwenyewe ni mtumishi wa umma, kumfuata mwenza ni sababu inayotambulika ya kuomba uhamisho, na siku hizi maombi hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi. Walimu na wauguzi wanajua pia njia ya kubadilishana vituo na mwenzao anayetaka kutoka huko. Ila uhamisho ulioomba mwenyewe gharama zake ni zako, za mizigo na za familia.

Ikishindikana, ondoka na karatasi mbili. Ya kwanza ni hati ya utumishi, ambayo mwajiri anawajibika kisheria kukupa ajira inapokoma. Ya pili ni majina ya wadhamini watatu walioridhia kutajwa, pamoja na namba zao za simu zinazopatikana. Mdhamini anayeshtuka kupigiwa simu hakusaidii kitu.

Sasa tuingie Dodoma yenyewe. Fedha ya mji huu chanzo chake kikubwa ni Serikali, na mtu mgeni husikia hivyo akakimbilia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Jisajili, ni haki yako, mradi umri haujapita ule unaotajwa kwenye tangazo, ambao mara nyingi ni miaka 45. Lakini fahamu unachoomba. Ajira ya utumishi wa umma ni ya nchi nzima. Unaweza kufaulu usaili wa mchujo na wa mahojiano jijini Dodoma, kisha barua ikakupanga Katavi au Mtwara. Aliyeacha kazi ili aungane na familia anaweza kujikuta ameitawanya upya. Mimi humshauri mtu wa namna hii aifanye njia hiyo kuwa ya pembeni, na nguvu zake kubwa azipeleke kwa wanaoihudumia Serikali na kwa wanaowahudumia watumishi wake.

Kundi la kwanza ni kampuni zinazouza utaalamu kwa umma: washauri wa uhandisi, wakadiriaji majenzi, makampuni ya ukaguzi wa hesabu, mawakili, watengenezaji wa mifumo ya kompyuta. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST. Kampuni inayoomba kazi ya ushauri hupimwa, pamoja na mengine, kwa wataalamu inaowataja kwenye zabuni: vyeti vyao, usajili wao, miaka yao kazini. Hapo ndipo thamani yako ilipo, na watu wengi hawaioni. Kampuni ndogo ya Dodoma yenye mkurugenzi mmoja mhandisi inahitaji mhandisi wa pili aliyesajiliwa, anayeishi hapohapo. Hailipi tangazo gazetini. Inauliza watu. Ukijitambulisha kwa barua fupi inayotaja namba ya usajili wako na miradi uliyoifanya, umempa mkurugenzi kitu anachoweza kukitumia kwenye zabuni inayofuata. Ila asitumie jina lako bila mkataba. Wapo wanaoazima vyeti vya watu kushinda kazi kisha wasiwaite.

Kundi la pili limefuata makazi. Mtumishi aliyehamia ana watoto wanaosoma, ana wazazi wagonjwa, anajenga. Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa na Kisasa zimejaa nyumba mpya, na huduma zinazifuata nyumba: shule binafsi, zahanati, maduka ya dawa, maabara, ofisi za wabunifu majengo. Mfamasia au mwalimu wa sayansi huko asihangaike na majengo ya wizara. Atembee mitaani, asome mabango, aingie ndani amwone mwenye shule au mwenye duka. Juu ya hao zipo taasisi kubwa zinazoajiri wataalamu wengi: Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, Chuo Kikuu cha St. John's, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Vyuo hasa vinafaa kwa mwenye shahada ya uzamili anayeweza kufundisha kwa muda. Malipo ya kipindi si makubwa, lakini ukishaingia jina lako linakuwa kwenye orodha ya idara.

Mashirika ya maendeleo nayo yamefungua ofisi kuzifuata wizara na Bunge, na huko wanatafuta watu wa sera, wa ufuatiliaji na tathmini, na wa mawasiliano. Kilimo cha zabibu na usindikaji wa mvinyo, ambao Dodoma inasifika nao, una nafasi zake chache kwa wataalamu wa chakula.

Jambo jingine la kulijua ni kalenda, na hili ningelipa uzito kuliko uandishi wa wasifu. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge liko kwenye bajeti. Nyumba za wageni zinajaa, wakuu wa idara hawakai ofisini, na anayebisha hodi kutafuta kazi wakati huo hapati wa kumsikiliza. Julai hadi Septemba mipango ya manunuzi inaanza kutekelezwa na kampuni zinajua zinahitaji nani. Kwa wahasibu na wakaguzi kuna mzunguko mwingine. Taasisi za umma hufunga hesabu Juni 30 na kuziwasilisha kwa ukaguzi ndani ya miezi mitatu, na ripoti za Mkaguzi Mkuu hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi. Kati ya Oktoba na Machi, basi, kampuni za ukaguzi zina kazi kuliko watu. Mkataba wa miezi minne katika kipindi hicho usiudharau. Ndiyo njia ya kawaida kabisa ya mgeni kupata watu watakaosema, "Huyu ninamfahamu, kazi yake safi."

Watu wa namna hiyo ndio mali iliyobaki Dar es Salaam ulipohama. Leseni yako ni ya Tanzania nzima; anayeijua bidii yako yuko Dar. Bodi za taaluma zinasaidia kuliziba pengo hilo, na bahati nzuri kadhaa makao yao makuu yako Dodoma, zikiwamo NBAA ya wahasibu na wakaguzi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Lipa ada ya mwaka kabla hujahama, badilisha anwani yako kwenye rejista, kisha hudhuria mafunzo ya kujiendeleza yanayofanyika mjini. Nenda ukakae na watu unaowafuata kitaaluma, uliza wanafanya miradi gani, na waeleze bila kuzunguka kwamba umehamia na unatafuta kazi. Aibu ya kusema neno hilo imewaweka wataalamu wazuri nyumbani, na inaniumiza kila ninapomkuta mmoja wao. Unatafuta kazi unayoijua. Hapo hakuna cha kuombea radhi.

Reli ya kisasa nayo imebadilisha hesabu. Tangu safari za Dar es Salaam na Dodoma zilipozinduliwa rasmi Agosti 2024, mwendo ni wa saa tatu na ushee. Wapo wanaoweza kukubaliana na mwajiri wa Dar wabaki naye kwa kazi za mtandaoni na kwenda ofisini siku chache za mwezi. Kwa mwanasheria au mtengeneza programu pendekezo hilo linastahili kuandikwa kabla ya barua ya kuacha kazi.

Kuhusu wanaouza nafasi, nitasema kwa ufupi. Wakala halali wa ajira analipwa na mwajiri, na Sekretarieti ya Ajira haitozi ada ya kumpatia mtu kazi. Anayekuomba fedha ya "kulisukuma faili" usimpe, hata kama ametajwa na jirani yako wa Makole.

Ukipata kazi, soma mkataba ukijua kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga ya kisheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Kwa aliyetoka kwenye ajira ya miaka mingi hayo ni mabadiliko makubwa. Omba muda wa majaribio uandikwe wazi, pamoja na namna utakavyopimwa na nani atakayekupima.

Na kwenye usaili, wanawake hasa watakutana na swali: "Je, mume wako akihamishwa tena?" Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda anayeomba kazi sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Wenzangu tunaokaa upande wa pili wa meza tuache kuliuliza. Wewe uliyeulizwa, jibu kwa kuitaja kazi: eleza unaweza kuanza lini, una mradi gani uliouanza na kuumaliza, na kwamba ikitokea siku ya kuondoka utatoa taarifa na kumkabidhi kazi atakayekurithi, kama ulivyofanya ulikotoka. Kisha muulize anayekusaili kazi hii inatakiwa kufika wapi kufikia Juni.