Kipandauso si malaria

Msimu wa zabibu Hombolo, Dodoma, mtu huingia shambani alfajiri na chai ya rangi tu tumboni, na jua la utosi humkuta bado kainama kwenye mizabibu. Njaa, kiu, jua na usingizi wa mang'amung'amu: kwa mwenye kipandauso, hiyo ni mitego minne kwa mpigo. Kufika saa nane upande mmoja wa kichwa unapwita, kichefuchefu kinapanda, mwanga hautazamiki. Wengine hutanguliwa na vimulimuli machoni, visivyozidi saa moja.

Jirani atasema ni malaria. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa majibu muda mfupi tu. Kikionyesha huna, dawa mseto ya nini? Presha nayo husingiziwa mno, ipimwe, isikisiwe.

Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, na mara nyingi hufuata ukoo. Mishipa inayopeleka hisia za uso na utando wa ubongo huamka, ikamwaga kemikali zinazochochea maumivu. Kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Wanawake hukipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wengi wao wakikaribia siku zao.

Dawa humezwa mapema, kisha maji na chumba chenye giza. Panado au ibuprofen huwatosha wengi, ila mwenye vidonda vya tumbo aiache ibuprofen. Na siku zihesabiwe, maana duka la dawa halikuwekei daftari: anayezimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, huishia kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Huyo aende kwa daktari. Zipo dawa za kuzuia, kama propranolol (mwenye pumu asipewe) na amitriptyline, za zamani na za bei nafuu.

Maumivu yaliyolipuka ghafla, homa na shingo kukaza, mdomo kupinda, mkono kulegea, degedege, au kichwa kuuma baada ya kuanguka na bodaboda: hapo ni kukimbilia hospitali, iwe ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Mwenye VVU anayeumwa kichwa kinachozidi siku hadi siku achunguzwe fangasi wa utando wa ubongo. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 apimwe presha na mkojo siku hiyohiyo, kwani kifafa cha mimba huanza hivyo.