Chujio la chai kwa tabibu wa Bunda

Kwenye dirisha la tabibu mmoja mjini Bunda limening'inia chujio la chai ambalo halijawahi kugusa chai. Ni la plastiki, la bei ya gulioni, wavu wake umeshageuka njano. Analitumia kufundishia. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na mawe kwenye figo huelekezwa akojoe kwenye kopo, amimine mkojo taratibu juu ya chujio, kisha agonge wavu kwenye karatasi nyeupe na kutazama kilichobaki. Kinachotafutwa mara nyingi ni kidogo kuliko punje ya mtama, na ukikigusa kwa ncha ya kidole kinakwaruza. Kikipatikana kikaushwe, kifungwe vizuri, kipelekwe hospitali. Kikipimwa maabara hujulikana kimetokana na nini: mawe mengi ni ya kalsiamu, mengine ya asidi ya yuriki, mengine hujengwa na maambukizi ya muda mrefu.

Nilikuwa nimefuata habari nyingine kabisa, ila chujio lile halikunitoka akilini. Kwa nini kuhangaika na punje wakati mgonjwa ameshapata nafuu?

Hapo ndipo watu wanapodanganyika, alinieleza. Mtu hushikwa ubavuni usiku, maumivu yakashuka hadi kinenani, akatapika, akagaagaa asipate pa kulala. Asubuhi ananunua dawa ya UTI na vidonge vya maumivu, mchana yuko kwenye bodaboda yake. Jiwe lisilofika milimita 5 aghalabu hutoka lenyewe. Linalozidi milimita 10 ni nadra kutoka lenyewe. Kwa hiyo huenda limetoka, na huenda limekwama kwenye mrija huku figo ikivimba kimyakimya. Figo iliyozibwa wiki nyingi inaweza kufa bila mwenyewe kuhisi chochote. Ndiyo maana anasisitiza chujio, na baadaye ultrasaundi, hata kama maumivu yamekwisha.

Damu kwenye mkojo nayo ina utata wake. Wengi hukimbilia kusema kichocho, lakini kichocho kilichozoeleka kando ya Ziwa Victoria ni cha utumbo na ini; kile cha kibofu hupatikana zaidi kwenye madimbwi na mabwawa ya bara. Mvuvi wa Musoma anayekojoa damu apimwe kwanza. Na mzee anayekojoa damu bila maumivu yoyote asitulie hata kidogo, kwani saratani ya kibofu huweza kuanza hivyo.

Jambo moja lilimfanya tabibu apandishe sauti: homa. Huku kwetu mtu akitetemeka kwa baridi, wazo la kwanza ni malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini homa ikiandamana na maumivu ya ubavu, huenda nyuma ya jiwe kuna usaha. Vidonge peke yake havitoshi. Mkojo uliozibwa lazima ufunguliwe njia, na kuchelewa kunaua. Mtu huyo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Vivyo hivyo aliyekatika mkojo, mjamzito, mwenye figo moja, na anayetapika hata maji. Rufaa huanzia Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma. Ikishindikana ni Bugando, Mwanza, zaidi ya kilometa 200 kutoka Musoma. Nauli hiyo mchimbaji mdogo wa Buhemba, kule Butiama, anaitoa wapi usiku?

Kinga anaijua kila mtu: chumvi kidogo, na maji ya kutosha kutoa mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku. Maziwa yasiachwe, maana kuikwepa kalsiamu ya chakula hakusaidii. Lakini akina mama wanaoanika dagaa juani mwaloni wamemwambia tabibu kwamba hujinyima maji makusudi, kwa kuwa choo kiko mbali au cha kulipia. Hakuwa na jibu la kuwapa. Nami nauliza: ushuru wa dagaa unakusanywa kila siku, choo cha mwaloni kinamsubiri nani?